Msafiri na haki ya mwili wake



Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa Dodoma kwa semina ya walimu ya siku kumi. Siku ya nne, katika swala ya Adhuhuri, goti lilikataa. Nikavuta kiti nikaswali nimekaa, mimi mwenye miaka thelathini na sita. Kushoto kwangu alisimama mzee wa kama miaka sabini, kanyooka kama mlingoti. Baada ya nyiradi akaniuliza: "Mwanangu, ulipata ajali?" Nikamjibu: "Hapana mzee, ni hizi safari za kikazi." Akalitazama tumbo langu, akanyamaza.

Imran bin Huswayn (r.a) alipouliza juu ya swala akiwa na maradhi, Mtume (s.a.w) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ameipokea Bukhari. Kiti kile kwa mgonjwa ni rehema. Lakini ugonjwa wangu niliununua mwenyewe, kwa posho ya safari!

Tunaosafiri kikazi tunajijua. Unapanda basi la Mwanza alfajiri, unakaa kutwa nzima. Likisimama kwa chakula, ni chipsi kuku na soda mbili, tena wengine hata kushuka hawashuki, wananunulia dirishani. Madaktari wanatuonya kuwa kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu katika mishipa. Ukifika, bodaboda mpaka mlango wa gesti. Mtu akikuuliza, jibu ni moja: "Nipo safarini."

Ni kweli, msafiri ana rukhsa zake. Anapunguza swala za rakaa nne, anajumuisha, anafungua Ramadhani akalipa baadaye. Rukhsa ya kula bila kiasi sijaiona kitabuni. Ile hadithi ya thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji na thuluthi ya pumzi, aliyoipokea Tirmidhi, haikumtoa msafiri.

Na tazama safari ya Mtume (s.a.w) mwenyewe. Bi Aisha (r.a) anasimulia, kama alivyopokea Abu Daud, kuwa walikuwa safarini wakashindana mbio kwa miguu, naye akamshinda Mtume. Baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, Mtume akashinda na kumtania kuwa sasa wamelipana. Katika riwaya ya Imam Ahmad, kwanza aliwaambia watu watangulie. Mkuu wa msafara, mwenye jukumu la umma mzima, alipata wasaa wa kukimbia. Sisi wenye begi moja tunasema hatuna muda!

Najua wapo watakaosema ustadhi kukimbia barabarani si heshima. Mimi nami sikimbii. Goti lenyewe halijaniruhusu. Nilichofanya ni kubadili gesti. Siku hizi nikifika mji wowote naulizia kwanza msikiti, kisha natafuta chumba cha mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Kwenda na kurudi ni dakika ishirini, mara tano kwa siku ni dakika mia moja. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka. Msafiri wa msikitini anazimaliza kwa siku mbili, mbali na ujira wa kila hatua. Jamaa msikitini si lazima kwake, lakini akimfuata imamu mkazi akamilishe rakaa nne. Hili wengi hulikosea.

Mwaka huu nilirudi Dodoma. Goti bado linalalamika wakati wa kuinuka kutoka kwenye sijda, ila kiti sikukigusa. Nilimtafuta yule mzee safu ya mbele ili anione, nikaambiwa naye kasafiri.

Wabillahi tawfiiq.