Fundo Linalofunguliwa na Maji

Mzazi wa Miritini, Mombasa, anunuapo amoksilini ya unga kwa ajili ya mwanawe huambiwa dukani: tia maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa, na siku 7 zikipita usimpe tena. Ukiwa mkavu, unga huo hukaa miezi na miezi. Ukishaonja maji, umeanza safari ya kuondoka.

Siri imo katika umbo lake. Ndani ya kila molekuli mna pete ndogo ya atomi 4, tatu za kaboni na moja ya naitrojeni, iliyokazwa kama upinde uliovutwa. Mkazo huo ndio silaha: pete hufyatuka, ikanasa kimeng'enya ambacho bakteria hujengea ukuta wake, na ukuta ukabaki na nyufa. Na mkazo huohuo ndio unaoyapa maji nafasi. Pete ikifunguliwa na maji, kilichobaki hakina makali tena. Pete hiyo ni ileile ya penisilini, dawa ambayo Alexander Fleming aliigundua katika ukungu mwaka 1928. Subhana'Llah! Aliyeupa ukungu silaha aliitilia na kikomo chake mumo humo.

Sasa tazama dawa hiyo ifikapo kwenye hori letu, kule chini kwenye mikoko. Zaidi ya nusu ya amoksilini tunayomeza hutoka kwa mkojo ikiwa bado dawa kamili, na mvua ikinyesha, maji ya vyoo na mitaro huteremka baharini. Huko maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wako bakteria wenye vimeng'enya vya kuikata ile pete upesi kuliko maji yenyewe. Jua letu nalo, digrii 4 tu kusini mwa ikweta, huvunja dawa nyingine za bakteria, tetrasaiklini na siprofloksasini, zinazoelea karibu na uso wa maji.

Lakini siprofloksasini haikuzaliwa na ukungu. Ilitengenezwa na binadamu, na hupenda kugandamana na tope, mahali mwanga usipofika. Sulfa, dawa iliyomo katika vidonge vya Septrin, nayo haina haraka ya kuvunjika. Linaloniuma ni hili: mabaki haba kama hayo hayawaui bakteria, huwazoesha tu, na kesho dawa ileile yaweza kumshinda mgonjwa.

Maji yakipwa, inama karibu na mizizi ya mchu, mmoja wa mikoko hiyo. Kaa mdogo anatoka shimoni amekumbatia donge la tope jeusi. Analiweka juani, kisha anarudi kuchukua jingine.