Ziwa la Saa Tatu

Mpango ulianza kwa picha. Mmoja wa wanachama kumi na watatu wa chama cha akina mama mjini Kilifi aliituma kwenye kundi lao la WhatsApp saa nne usiku: maji ya buluu iliyokolea kama wino, yamezungukwa na kuta za mawe na vichaka, hakuna nyumba, hakuna mashua. Chini yake maneno mawili tu, "Twendeni Chala." Kufikia asubuhi kundi lilikuwa limejaa vicheko na makofi, na mweka hazina, ambaye kazi yake ni kupunguza furaha za watu, alikuwa ameandika swali moja: "Ni kwenda na kurudi?"

Ni kwenda na kurudi. Mwenye duka la leso hawezi kufunga siku mbili. Mwenye kibanda cha viazi karai ana wateja wake wa Jumapili. Na wapo waume ambao ruhusa yao huishia magharibi.

Ziwa lenyewe liko mbele kidogo ya Taveta, kwenye mabega ya mashariki ya Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji. Ni shimo lililoachwa na volkano, likajaa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba nne na kidogo, kina chake kinapita mita 90, na kuta zinazolizunguka zinapanda kama mita 100. Hakuna mto unaoonekana ukilijaza wala unaotoka. Maji hupenya chini kwa chini, mengi yakiwa mvua iliyonyesha juu mlimani kwenye msitu. Anayelijia kwa miguu haoni kitu ila nyasi na miiba mpaka afike ukingoni kabisa, ndipo ardhi inamkatikia mbele ya vidole na ziwa liko chini yake. Mama wa Pwani aliyezoea kuiona bahari tangu akiwa njiani, kwa harufu kwanza kisha kwa upepo, hana mfano wa maji ya namna hiyo.

Ukaombwa ushauri wa dereva. Ni mtu mzima, matatu yake ni ya abiria kumi na wanne, na kila mtu humwita Mzee hata wale waliomzidi umri. Alikaa kwenye mkeka barazani, akaletewa chai na mahamri, akahesabu kwa vidole. Hakuna haja ya kuingia Mombasa kupambana na foleni ya Mtwapa: unakata Mavueni, unapanda Kaloleni, unatokea Mariakani. Hapo saa moja na nusu. Mariakani mpaka Voi ni saa mbili, malori yakikuhurumia. Voi mpaka Taveta, kilomita 110 hivi, saa mbili nyingine, na huko lami inapita katikati ya mbuga, ndovu akiamua kuvuka mnamsubiri amalize. Taveta mpaka ziwani nusu saa. Ongeza choo, ongeza kifungua kinywa, ongeza yule ambaye lazima atapike Kaloleni.

"Saa saba," alisema. "Tukitoka hapa saa kumi alfajiri, tunafika saa tano. Na nikitaka kuwarudisha nyumbani saa tatu usiku, basi saa nane mchana niwe nimewasha gari."

Mweka hazina aliandika kwenye daftari. Saa kumi na nne garini. Saa tatu ziwani. Akatoa hapo muda wa kula, akatoa muda wa kushuka ule ukuta na kuupanda tena kwa magoti ya watu waliovuka hamsini. Ikabaki kama saa moja.

"Mama," Mzee alimalizia chai yake, "hiyo si safari. Hiyo ni kupeleka gari likaangalie ziwa."

Kulikuwa na aliyependekeza njia ya Malindi, kupitia lango la Sala na kuikata Tsavo Mashariki mpaka Voi. Ni njia nzuri kwa macho, lakini ndani ya mbuga kuna kiingilio cha kila kichwa na mwendo ni wa taratibu. Ikaachwa.

Aliyekuja kuubadilisha mkutano hakuwa mweka hazina wala dereva. Alikuwa mama mmoja mkimya ambaye kwa miaka mingi ameuza vinyago na mikufu ya shanga nje ya magofu ya Gede. Anayajua makundi ya watalii kama mvuvi anavyojua bamvua. Basi linasimama. Simu inatoka kabla ya mguu. Swali la kwanza ni choo kiko wapi. La pili, mji huu una umri gani. Mwongozaji anaanza kuwaeleza kuhusu msikiti na visima, kuhusu watu walioishi pale tangu karne ya 12 hivi mpaka wakauhama mji karne ya 17, lakini wengine wameshageuka kuwapiga picha tumbili. Kisha honi. Yeye na wenzake wana jina lao: wageni wa dakika arobaini. Hawawachukii, ndio wanunuzi. Ila hajapata kumwona hata mmoja akirudi.

"Mimi sitaki kwenda Taveta nikawe hao," alisema.

Kimya kilichofuata kilistahili. Pwani hii imekaa upande wa mwenyeji kwa muda mrefu sana. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na tangu hapo kuna familia zilizolea watoto kwa kumtazama mgeni akishuka, akistaajabu, akiondoka. Utaalamu wote ni wa kupokea. Kwenda ni jambo la harusi, matanga na hospitali. Ndiyo maana zamu ya kwenda kutembea inapofika, mtu anaipanga kwa kipimo kile kile cha wale wageni aliokuwa akiwasema, na hata haoni ajabu.

Lakini haikuwa hivyo siku zote. Njia ya kutoka huku kwenda kwenye mlima ule ilikanyagwa na miguu ya watu wa Pwani kabla ya gari kuzaliwa. Misafara ya Waswahili iliyofuata pembe ilipita Taveta. Mei 11, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa Mombasa. Rebmann anasimulia kwamba alipomwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini, jibu lilikuwa ni baridi. Wanajiografia wa Ulaya walibishana na Rebmann kwa miaka, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Jibu la baridi halikuwa na kosa lolote.

Mwaka 1871 akatoka Charles New, mmisionari wa Ribe, akaifikia theluji yenyewe na kulitazama ziwa Chala. Rabai na Ribe leo ni Kaunti ya Kilifi. Kutoka barazani alipokaa Mzee na chai yake, ni mwendo wa asubuhi moja. Wapagazi waliokwenda na watu hao hawakuhesabu saa za kukaa ziwani. Pengine hawakuhesabu hata wiki. Hilo lisichukuliwe kuwa sifa ya mambo ya kale. Wengi walibeba mizigo isiyo yao na wengine hawakurudi. Ni kwamba umbali ule ule umewahi kuwa na uzito mwingine.

Ziwa nalo lina hesabu yake. Mwaka 2016 wanasayansi wa nchi kadhaa walitoboa sakafu ya Chala wakatoa tope la zaidi ya mita 200, kumbukumbu ya takriban miaka 250,000. Sehemu kubwa ya tope hilo imepangika tabaka jembamba jeupe, tabaka jembamba jeusi, kama kurasa. Na jambo la kumfurahisha mtu wa Malindi ni hili: weupe huja majira ya kusi. Upepo ule ule wa Juni hadi Septemba unaozifunga ngalawa ufuoni huyakoroga maji ya Chala, vijimea vidogo vyenye ganda huchanua kwa wingi, vikafa, vikatua chini. Kila kusi imeacha alama yake mle. Mvuvi anayelalamikia upepo kwenye ufuo wa Mayungu na ziwa lililo mbali na chumvi wanaongea habari moja.

Pakawa na hoja ya kwenda Marafa badala ya Chala, na hii ilitaka jibu. Kutoka Malindi, ukivuka daraja la Sabaki, ni kilomita kama arobaini tu. Korongo la mchanga mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa, linalowaka jua likizama. Wagiriama huliita Nyari, na husimulia familia tajiri iliyojiogesha kwa maziwa mpaka Mungu akaididimiza ardhi chini yao. (Huko Chala nako masimulizi ya kale yanasema kijiji kizima kilimezwa. Inaonekana kila shimo zuri lina watu ndani yake.) Marafa si volkano, ni mmomonyoko wa mvua na upepo, na safari yake inaingia kwenye mchana mmoja bila kusukumwa. "Marafa tushaiona," alisema mmoja. Mweka hazina akauliza ni nani amefika. Mikono minne ilipanda, mmoja ukashuka tena: huyo alikuwa ameiona kwenye televisheni.

Kwa hiyo Marafa imewekewa Agosti, na Chala ikarudi mezani bila kisingizio cha ukaribu. Mambo mengine yalimalizwa haraka. Kuogelea hakuna: ziwa lina mamba, na Machi 2002 kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 18 aliuawa humo akiogelea. Samaki wa kuchoma watanunuliwa Taveta, kwa kuwa humo ziwani kuna aina ya tilapia ambayo asili yake ni hapo tu na imo hatarini kutoweka. Maji ya kunywa watabeba kutoka nyumbani.

Hapo Mzee alicheka. Maji ya Kilifi, yale yanayosukumwa kwa mkokoteni katika mitungi ya lita 20 bomba likikauka, huvutwa Baricho, kwenye mchanga wa mto Sabaki. Sabaki ni Galana iliyobadili jina, na Galana huzaliwa pale Athi inapokutana na mto Tsavo. Na Tsavo hupokea maji ya miteremko ya Kilimanjaro na ya chemchemi za Mzima, yaliyochujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu. "Mnayarudisha kwao," alisema.

Daftari la mweka hazina sasa lina mstari mmoja uliokatwa na mingine imeandikwa juu yake. Ijumaa kutoka saa nane, baada ya swala. Kulala Voi, vyumba vitano, na alama ya kuuliza. Jumamosi kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kufika ziwani saa tatu. Kutoka huko saa nane, kupitia sokoni. Tisa wamelipa, wawili wanangoja ruhusa, wawili hawajajibu. Mwenye kibanda cha viazi karai amekubali kumwachia binti yake karai, kwa sharti moja: Jumamosi ni siku ya gulio Taveta, naye anataka kurudi na ndizi. Ameuliza kama matatu ina nafasi ya mikungu minne. Mzee amejibu kwamba nafasi ipo, mradi ndizi zilipe nauli kama watu.