Shoka la Tabibu na Shoka la Mwizi

Je, ni halali kuukata mti wenye maradhi, hali baadhi ya majani yake yangali mabichi?

Mwaka 1990 waliingia Kenya vidukari wa miti ya saiprasi, ambayo asili yake ni Mexico. Wadudu hao hufyonza utomvu hata matawi yakakauka, kisha huenea kwenye mti wa jirani. Watu wa Meru au Embu wenye msitu mdogo wa shirika wakiuhurumia mti mgonjwa, huenda wakaudhulumu ulio mzima. Na katika misingi ya sharia, madhara huondolewa.

Lakini shoka la tabibu na la mwizi yana mlio mmoja. Aukataye mti mzima kwa kisingizio cha maradhi, akauza mbao, amekula amana. Atambulikanaje? Kwa alitendalo baadaye: je, amepanda muuru, mti wa asili ya huko, akautunza hata ukashika?

Wala tusiseme, "Hayo ni ya bara." Maji ya mto Kathita huingia Tana, na Tana humwagika baharini Kipini. Msitu ukifa huko, dhiki hushuka kwetu.

Basi na wakate kwa uaminifu, na kila kisiki kilipwe mche. Wabillahi tawfiki.