Hezekia Aliisoma Barua

Masomo: 2 Wafalme 18:13 hadi 19:19, Warumi 13:7-8



Kasisi wetu ameniomba niandike neno juu ya jambo linalowasumbua wengi katika parishi yetu hapa Uingereza, yaani barua za wakusanya madeni zinazomjia mtu aliyeegesha gari penye kiwanja cha kampuni binafsi. Huenda mtu akauliza, je, hilo ni jambo la kanisani? Mimi nasema ni la kanisani, kwa maana nimeona watu wakikosa usingizi kwa ajili yake, nimeona mume na mke wakifichana, na nimeona fedha iliyotengwa kwa ada ya mtoto huko nyumbani ikilipwa kwa hofu tu, bila mtu kuuliza kama inadaiwa kwa haki.

Tuanze na mfalme Hezekia. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliishambulia miji ya Yuda. Hezekia akaingiwa na hofu, akatuma neno kwamba atalipa chochote atakachotozwa. Akatozwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Alimaliza hazina yote, hata dhahabu ya milango ya hekalu akaibandua. Je, jeshi likarudi kwao? Halikurudi. Lilikuja mpaka penye kuta za Yerusalemu, na amiri wake akapaza sauti kwa lugha ya wenyeji, kusudi watu wa kawaida waliokuwa ukutani wasikie na kutetemeka. Kisha ikaletwa barua.

Hezekia hakuichana barua ile, wala hakuificha. Aliisoma, halafu akaenda nayo katika nyumba ya Mungu, akaitandaza mbele za Bwana. Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, niliwataka wanafunzi waangalie ni tendo gani linalotangulia katika habari wanayoisoma. Hapa kusoma kumetangulia kuomba. Mfalme alimwomba Mungu juu ya maneno aliyokwisha kuyajua. Sisi wengine twaiombea bahasha ambayo bado imefungwa.

Yuko mama mmoja kati yetu, ambaye amenipa ruhusa nieleze habari zake bila kumtaja jina. Kazi yake ni kulea wazee usiku. Siku moja alimpeleka mtoto hospitali, akaegesha gari, akalipa kwenye mashine. Baada ya majuma machache ikaja barua ya kudai paundi 100, ambazo zingekuwa 60 kama angelipa ndani ya siku 14. Alijua amelipa, basi akaiweka ndani ya droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza. Ikaja nyingine ya wakusanya madeni, na deni sasa lilikuwa paundi 170. Ikaja ya tatu, na ya nne, zenye maandishi mekundu. Naye kila mara alifungua droo na kuifunga. Alidhani polisi watamjia kazini. Mume wake hakujua neno.

Tulipozitandaza barua zake mezani, moja baada ya nyingine kwa tarehe, tuliona mambo mawili. La kwanza, barua nyingi zilikuwa kelele. Hao wakusanya madeni si madalali wa mahakama. Hawana mamlaka ya kuingia nyumbani mwako wala kuchukua kiti chako, na deni la namna hii si kosa la jinai. Ni watu waliotumwa kuandika barua, basi, kama yule amiri alivyotumwa kupiga kelele chini ya ukuta. Wakiandika kwamba jambo hili laweza kufika mahakamani na dalali aweza kutumwa, someni neno "laweza" polepole. Dalali hawezi kuja mpaka hakimu ametoa hukumu nanyi hamkuilipa.

La pili, chini kabisa ya droo ilikuwako bahasha moja ambayo haikuwa kelele. Ilitoka mahakamani. Ilikuwa hati ya madai yenyewe, na siku za kuijibu zilizobaki zilikuwa nne.

Hapa ndipo ninapowaomba msome kwa makini, kwa sababu hatari haimo katika maandishi mekundu. Imo katika karatasi ya kawaida isiyo na rangi. Kabla ya madai, kampuni hutuma barua ya kutangaza kwamba inakusudia kushitaki, nayo humpa mtu siku 30 za kujibu. Jibuni hiyo. Kisha, wakishitaki kweli, huja hati ya mahakama. Hati hiyo huhesabiwa kuwa imepokewa siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, na tangu hapo mtu ana siku 14 za kujibu. Akiiarifu mahakama ndani ya siku hizo kwamba ameipokea na anakusudia kujitetea, hupewa jumla ya siku 28. Asipojibu kabisa, hukumu hutolewa bila yeye kusikilizwa. Asipoilipa yote katika mwezi mmoja, jina lake hukaa katika daftari la hukumu miaka 6, na anapokwenda kuomba mkopo wa nyumba au hata kukodi chumba, atalikuta likimngoja.

Na wengi hupata hukumu hiyo bila kujua. Wamehama nyumba, lakini kadi ya gari iliyoko DVLA bado ina anwani ya zamani, na kampuni huandika kwa anwani ile. Enyi vijana mnaohamahama, badilisheni anwani katika kadi ya gari juma hili hili.

Mama yule aliijulisha mahakama kwa wakati. Halafu tukatafuta stakabadhi ya mashine, tukaikuta ndani ya Biblia yake, katika Zaburi. Alikuwa amelipa kweli, ila alipoandika namba ya gari kwenye mashine alikosea herufi moja. Akaandika utetezi mfupi, akapeleka na nakala ya stakabadhi. Baadaye kampuni iliacha madai yake kabla ya siku ya kusikilizwa. Laiti angalituma karatasi ile mwanzoni, angalipumzika miezi minane! Mtu ana nafasi ya kukata rufani kwa kampuni yenyewe katika siku 28 za kwanza, na ikikataa, aende kwa mwamuzi ambaye ni POPLA au IAS kwa kadiri ya chama ambacho kampuni imejiunga nacho. Nehemia naye aliandikiwa barua na Sanbalati mara kwa mara, na ile ya tano ilijaa uzushi. Alijibu kwa maneno machache kwamba mambo hayo hayakutendeka, akaendelea na ukuta.

Lakini sitaki mtu atoke hapa akisema, Mwalimu amesema tusilipe. Sikusema hivyo. Yako maneno yanayozunguka, hata katika kahawa baada ya ibada, kwamba madai ya kampuni binafsi hayana nguvu, tupa tu barua. Hayo ni mashauri yaliyokwisha kuchakaa. Tangu Oktoba 2012, katika England na Wales, sheria imeruhusu mwenye gari adaiwe hata kama dereva hajulikani, mradi kampuni imefuata masharti yake. Na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hii iliamua kesi ya bwana mmoja aliyepitisha muda kwa karibu saa nzima katika kiwanja cha maduka huko Chelmsford. Alidaiwa paundi 85, akashindana mpaka juu kabisa, akashindwa. Basi madai yaweza kuwa halali. Na kama karatasi imetoka kwa halmashauri ya mji, si kwa kampuni, hiyo ina njia yake nyingine, na dalali wake huja upesi zaidi. Tazameni kwanza ni nani aliyeandika.

Mtume Paulo anawaagiza Warumi wampe kila mtu haki yake. Kama uliegesha pasipo ruhusa, na ubao ulikuwa wazi, na ulijua, hilo ni deni. Lilipe mapema lingali dogo, mlipe mwenye kiwanja mwenyewe, na usiuite ujanja wa kukwepa kuwa ni imani.

Neno moja gumu. Sheria haimlazimishi mwenye gari kuitajia kampuni binafsi jina la dereva. Kunyamaza hapo si uongo. Lakini nimesikia kwamba wako wanaoandika jina la ndugu aliyekwisha kurudi Afrika, au la mtu asiyekuwako kabisa. Hilo ni kushuhudia uongo, hata kama ni kwa ajili ya paundi 60, nami sioni njia ya kulipamba.

Na ninyi waume na wake, droo isiwe na siri. Hezekia alikuwa mfalme, lakini aliwatuma watumishi wake na wazee wa makuhani kwa Isaya wakamweleze yote. Hakuona haya kusaidiwa.

Kwa hiyo, Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Ushirika Mtakatifu, nitakaa kwenye meza ya nyuma karibu na mlango. Atakuwapo pia dada yetu anayejitolea katika ofisi ya Citizens Advice, ambako ushauri hutolewa bure. Leteni barua zote, na zile ambazo hamjazifungua, pamoja na bahasha zake, maana tarehe ya posta yaweza kuhitajika. Wenye hati ya mahakama wasingoje Jumapili hiyo. Wanipigie simu leo.