Jina Ukilificha, Nani Analipa?



Leo nina swali moja tu: ni halali mbele ya Mungu kuandika habari za mtu huku umeficha jina lako?

Wengi tuna jibu la haraka. Wapo wanaosema, "Kama ni ukweli, jina la nini?" Wapo wanaosema asiyeweka jina ni mwoga tu. Nilipokuwa nasoma falsafa niliwahi kuyatetea majibu yote mawili, kila moja kwa siku yake. Siku hizi naona hayatoshi.

Tumtazame Maxence Melo. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Mike Mushi walianzisha mtandao ambao leo tunaujua kama JamiiForums, mahali ambapo Mtanzania aliweza kuandika siasa na ufisadi kwa jina la kubuni. Desemba 2016 polisi walimkamata. Walitaka taarifa za watu walioandika humo, naye hakuzitoa. Akashtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kesi zikamzungusha mahakamani miaka. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi, akaambiwa alipe faini ya shilingi milioni 3 au aende jela mwaka mmoja.

Sisemi kila kilichoandikwa humo ni kitakatifu, hata kidogo. Ila angalia jambo hili: waliofichwa hawakujulikana, lakini Melo alijulikana. Mahakamani lilisomwa jina lake. Siri ile ilikuwa na gharama, na kulikuwa na mtu wa kuilipa.

Sasa nikueleze yangu.

Kabla sijaingia seminari, nikiwa nyumbani Makambako nasubiri matokeo ya kidato cha sita, kigango chetu kilichangisha pesa za bati. Wiki zikapita, bati hakuna. Nikatafuta laini nyingine ya simu, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba pesa zimeliwa, na nikamtaja mtunza hazina. Nilijiona nabii kabisa. Baadaye bati zikaja. Kumbe alishazilipia duka moja Njombe na risiti alikuwa nazo, mzigo tu ndio ulichelewa. Lakini yule baba alikuwa ameshaachia nafasi yake, na hakuna aliyejua ni mimi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatofautisha kumtukana mtu usoni na kumsengenya kwa siri. Wa kwanza anamvunjia mtu heshima waziwazi. Wa pili anamwibia jina jema yeye hayupo. Nayo Katekisimu, namba 2477, inasema hata kosa la kweli la mwenzako hupaswi kulitangaza kwa wasiolijua kama huna sababu ya haki. Mimi sikufika hata huko, maana nilichosema hakikuwa kweli. Nilisingizia.

Tofauti yangu na wale waliolindwa na Melo si kwamba wao walijificha na mimi sikujificha. Sote tulijificha. Anayefichua wizi wa wakubwa anaweza kupoteza kazi, hata usalama wake. Anaficha jina ili ukweli upite bila yeye kusagwa. Mimi nilijificha nisiulizwe, "Una uhakika?" Kule siri ilimkinga mnyonge. Kwangu ilikuwa jiwe la kumpiga asiye na mtetezi, na gharama yote akailipa yeye.

Mwaka huu niko Njombe kwa mwaka wa kichungaji. Dhambi ile nilishaiungama zamani, lakini padri aliniambia kuungama hakuniondolei deni la kurudisha nilichoiba. Jumamosi moja ya baridi kali nikapanda Coaster hadi Makambako, nikabisha hodi kwake. Nikamweleza yote. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema:

"Frateri, nimekusamehe. Lakini kule kwenye kundi tulikuwa watu 80. Hapa umekuja kuniambia mimi peke yangu."

Sikuwa na jibu. Usiku ule niliandika kwenye kundi lilelile, kwa namba yangu na jina langu kamili. Wengine walinitetea, wengine walinishambulia. Mmoja aliandika tu, "Na huyu ndiye padri wetu wa kesho?" Iliniuma, lakini swali lile ni halali.

Kijana mwenzangu, kabla hujatuma ujumbe bila jina, jiulize: nina uhakika? Namkinga nani? Na nikikosea, nani atalipa? Kama anayelipa ni yule uliyemtaja na wewe umekaa salama, futa. Na kama ulishatuma, bado hujachelewa. Nenda kwake kwanza. Halafu rudi kwa wale 80.

Bwana atujalie ulimi wa kweli, na ujasiri wa kuweka jina letu pale tulipokosea. Amina.