Bibi, Sukari na Mtoto wa Kisiwani

Ramadhani ya mwaka 2023 nilikosana na bibi yangu. Si kwa kelele, maana bibi hajibizwi, ila moyoni nilikuwa nimefura. Bibi ana kisukari, anadungwa insulini kila siku, na daktari alishamkataza kufunga. Akafunga. Siku ya sita, alasiri, tulimkuta mkekani jasho linamtoka, ulimi mzito, hata sisi hatujui. Sukari ilikuwa imeshuka. Tukamnywesha maji ya sukari, na alipopata fahamu neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmenivunjia saumu yangu."

Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kupanga hoja. Nikazipanga. Nikamwonyesha namba kwenye mashine ya kupimia, nikamweleza mwili unavyofanya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo ni ya mashine. Mimi nimeanza kufunga mama yako hajazaliwa. Leo wewe ndiye wa kunifunza?"

Nikanyamaza. Lakini swali halikunyamaza: mtu aongozwe na nini, mapokeo ya dini au akili?

Siku hizo nilikuwa narudia kusoma Hayy bin Yaqdhan, kisa cha Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185. Hayy analelewa na paa jike kwenye kisiwa kisicho na watu. Paa anapokufa, mtoto anampasua kifua kutafuta kile kilichoondoka. Hapo ndipo anapoanza kufikiri: mwili, moto, nyota, hadi anamfikia Mungu kwa akili yake, bila kitabu wala mwalimu. Baadaye anakuja Absal, mcha Mungu kutoka kisiwa kingine, na kumfundisha lugha. Wanalinganisha walichonacho, kumbe ni ukweli ule ule. Basi Hayy anavuka bahari kwenda kuwafundisha watu wa kwao Absal. Wanampokea vizuri, lakini kadiri anavyofafanua ndivyo wanavyomkimbia. Mwishowe anawaomba radhi, anawaambia washike mapokeo yao, na anarudi kisiwani kwake.

Nikajiona ndiye Hayy. Nakiri hilo lilinifariji: tatizo si langu, ni wao hawana uwezo wa kuelewa. Ni faraja mbaya sana.

Aliyeniumbua ni shehe wa mtaa wetu, mzee aliyekuja kumjulia hali bibi. Kabla hajasema lolote la dini alinigeukia mimi: "Daktari kasema nini? Na hiyo mashine ilionyesha ngapi?" Nikamjibu. Ndipo akamwambia bibi, "Bi mkubwa, mgeni akikuletea zawadi ukamrudishia, umemfanyaje?" Bibi akasema, "Nimemvunjia heshima." "Sasa Mungu amempa mgonjwa rukhsa, wewe unamrudishia?" Bibi alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza fidia ni kiasi gani, amlishe maskini kwa kila siku atakayokula.

Dakika kumi tu! Mimi siku nzima sikufua dafu. Na ukiangalia vizuri, shehe hakuipiga kando akili yangu. Aliianza nayo. Katika mapokeo yake neno la tabibu mwaminifu lina uzito, na wanazuoni walishajadili karne nyingi mgonjwa gani afunge na yupi asifunge. Hiyo nayo ni akili, ila ni akili ya watu wengi waliotangulia, waliobishana na kurekebishana. Nadhani hapo Ibn Tufayl alimwondoa Hayy mapema mno. Hayy alijifunza lugha ya Absal, lakini hakukaa na watu vya kutosha kujua lugha yao.

Aprili ya mwaka huohuo habari za Shakahola zilitufikia. Katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto, ya watu walioambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Wenzangu wengi kazini walisema, haya, mnaona dini inavyofanya? Nilielewa hasira yao. Lakini Ukristo una mapokeo ya kufunga ya kale sana, na ndani yake mgonjwa na mtoto wanahurumiwa. Kule msituni mapokeo hayo yalikuwa yamekatwa pamoja na shule na hospitali. Ilibaki sauti moja, mbali na kila mtu ambaye angeweza kuuliza, "Hili umelitoa wapi?"

Kwa hiyo swali langu la mwanzo nalibadilisha kidogo. Nikiona mwongozo wowote, wa msikitini, kanisani au maabara, nauliza kwanza kama unaulizika. Sisemi mapokeo huulizika daima. Vijana wengi wamenyamazishwa kwa jina la wazee, na shehe mwingine angeweza kumsifu bibi kwa kufunga, nasi tungemzika. Tulikuwa na bahati, na bahati si falsafa.

Bibi yu hai. Ramadhani iliyofuata ilipokaribia aliniita mwenyewe nimpime. Nikamsomea namba. Akaitikia kwa kichwa, akajitanda leso yake, akasema, "Haya, twende tukamuulize shehe."