Ni Nani Aliyeijenga Nyumba?

Walimu wa sharika zetu huitwa mara nyingi kuamua maneno ya nyumba. Hatusemi maneno ya ndoa tu, bali maneno ya nyumba yenyewe, yaani kuta, bati na mlango: ni nani aliyeijenga, na kwa hiyo ni nani mwenye haki ya kusema ivunjwe au isivunjwe. Twaona yafaa kulifikiri neno hili polepole, maana wengi hulijibu upesi, na majibu ya upesi yamewaumiza watu.

Na tutwae mfano wa huku Ruaha Mbuyuni. Wasomaji wa Mufindi na Makete, wakaao penye baridi na ukungu, huenda hawatujui sisi wa huku chini. Mtu akitoka Iringa kwenda Morogoro, akiisha kuteremka mlima wa Kitonga, hufika katika bonde la mto Ruaha Mkuu, penye joto jingi na mibuyu mikubwa, na vitunguu vimepangwa kando ya barabara magunia kwa magunia. Barabara hiyo ilitiwa lami mapema katika miaka ya 1970. Wazee wengi waliojenga karibu nayo walijenga kwa tofali mbichi, wakaezeka nyasi, na baadaye bati. Nyumba hizo zimezeeka pamoja na wenyewe.

Wako mume na mke, ambao hatutawataja majina, wenye nyumba ya namna hiyo, ya vyumba vitatu na jiko la nje. Watoto wao walioko Dar es Salaam walileta habari, wakasema, "Baba, Mama, fedha tutaleta. Ivunjeni hiyo, tuwajengee ya tofali za saruji." Mzee akakataa. Akasema, "Nyumba hii naliijenga mwenyewe, nami nitaitengeneza mwenyewe." Tena si maneno matupu, kwa kuwa alipanda juu, akaondoa boriti mbili zilizoliwa na mchwa na kutia nyingine, akapigilia bati upya, akatia mlango bawaba mpya. Kila apitaye njiani alimsifu.

Mkewe alilisikia neno lile, "mwenyewe", asijibu kitu. Lakini baadaye alimwendea mwalimu wa usharika akamwuliza, "Mwalimu, mimi naikandika nyumba ile kila mwaka kabla ya mvua, tangu mtoto wetu wa kwanza hajaanza kutambaa. Kazi hiyo nayo huitwaje?"

Swali la mama huyu ni zito kuliko lionekanavyo. Kwa desturi ya watu wengi wa huku, mwanamume husimamisha nguzo na kuezeka, naye mwanamke huchota maji, hukanyaga udongo na kukandika. Kazi ya mwanamume hufanywa mara moja, nayo huonekana miaka mingi. Kazi ya mwanamke huoshwa na mvua, hata mwakani huanza tena kama kwamba haikufanywa. Basi watu huiita ya kwanza kujenga, na ya pili huiita usafi. Je, wamesema kweli?

Kwanza na tuutazame ukuta wenyewe. Ukuta wa udongo hauuawi na uzee, huuawa na maji. Mvua ikishuka kutoka ukingo wa bati hupiga chini kwa nguvu, matope yakaruka na kulila tako la ukuta. Mwaka wa kwanza huonekana mchubuko tu. Mwaka wa tatu kozi ya chini ya tofali imekwisha kuwa nyembamba. Halafu siku moja ukuta huinama, na bati nzuri na misumari yote hufuata. Dawa yake yajulikana: kurefusha ukingo wa bati, kupanga mawe na udongo mgumu kuizunguka nyumba kama baraza, kuchimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali, na kukandika upya kila mahali palipochubuka kabla mvua nyingine haijaja. Mama yule alifanya matatu katika hayo manne. Baraza aliijenga yeye, kwa mawe aliyoyaokota shambani. Asemaye kwamba kukandika ni pambo tu, huyo hajui kazi ya ujenzi.

Jambo la pili ni hili. Mzee, kwa kutaka uso wa nyumba upendeze, alinunua saruji akapiga lipu juu ya udongo upande wa barabara. Wengi hufanya hivyo, wala hatumcheki. Lakini udongo hulowa na kukauka, hupanuka na kunywea, na saruji ni ngumu, haiwezi kuufuata. Baada ya muda hutokea nyufa nyembamba. Maji huingia humo, wala hayapati njia ya kutoka upesi. Nyuma ya uso ule mzuri tofali hulainika kama uji. Baada ya masika mawili kipande kikubwa kilianguka, nacho kikachukua sehemu ya tofali pamoja nacho. Upande wa nyuma, uliokandikwa na mama kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani yaliyokatwakatwa, kisha ukapakwa chokaa, ulikuwa mzima. Chokaa huuacha ukuta upumue, na udongo juu ya udongo hushikana kama ndugu. Basi upande uliosifiwa na wapita njia ndio uliokuwa ukiharibika, na ule ambao hakuna aliyeutazama ndio uliokuwa ukiishikilia nyumba.

Turudi kwenye swali letu. Kujenga ni nini? Tukisema kujenga ni kuweka tofali la kwanza, basi nyumba iliyojengwa siku ile haipo tena. Nyasi zake zilioza, boriti zimebadilishwa, na udongo wa nje umeoshwa ukatiwa mwingine mara nyingi kuliko wawezavyo kuhesabu. Wayunani wa kale walibishana juu ya neno kama hilo. Plutarch aandika kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya Theseus, wakiondoa mbao mbovu na kutia mpya, hata wenye elimu wakaulizana kama ni merikebu ile ile au nyingine. Nasi twajua wazee wetu wenye jembe la babu, ambalo mpini umebadilishwa mara tano na bamba mara mbili, nao bado huliita jembe la babu. Twaona ya kuwa kitu cha namna hii hukaa kwa sababu ya mikono inayokirudia. Hiyo ndiyo maana twasema nyumba ya udongo haijengwi siku moja ikaisha. Yajengwa kila mwaka, hata siku itakapoachwa.

Katika nchi ya Mali, katika mji wa Djenné, uko msikiti mkubwa sana wa udongo, uliojengwa upya mwaka 1907. Kila mwaka watu wa mji hukusanyika kuukandika. Waashi na vijana hupanda ukutani na kupaka udongo, wanawake na wasichana huleta maji ya kuukorogea. Hakuna asemaye pale kwamba msikiti ni kazi ya mwashi wa 1907 peke yake. Nasi tunayo mifano karibu. Nyumba ya misheni ya Pommern, huku Kilolo kwetu, ilijengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Isingalisimama hata leo kama wasingalikuwako watu wa kuitunza baada ya waliojenga kuondoka, nao watu hao hawakuandikwa mahali popote.

Sheria ya nchi nayo imekwisha kulifikiri neno hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume, au mke, kuiuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani pasipo mwenzake kukubali. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema katika kesi moja ya nyumba kwamba kazi za mke za nyumbani zahesabiwa kuwa mchango katika kuipata mali ya mume na mke. Mama wa kesi ile hakupata fungu, kwa sababu nyingine, lakini neno lenyewe lilisimama, na wake wengi baada yake wamelitegemea.

Wako watakaotupinga wakisema, "Mume na mke ni mwili mmoja. Kuanza kuhesabu ndoo za udongo na misumari ni kuileta mahakama chumbani." Twaliheshimu neno hilo, maana nyumba yenye daftari ya madai si nyumba ya kukaliwa. Walakini tumeona kwamba wasemao "tusihesabu" mara nyingi ndio waliokwisha kuhesabiwa: jina lao limo katika karatasi, na sifa zao zi midomoni mwa majirani. Mzee wetu hakuhesabu ndoo, ni kweli. Lakini aliposema "mwenyewe" alikuwa amekwisha kuhesabu, akapata mtu mmoja.

Sasa tumefika mahali pagumu, ambapo walimu wengi hukosa. Wakiisha kukubali kwamba mama naye ni mjenzi, hudhani neno limekwisha: basi nyumba ni ya wote wawili, isivunjwe, mambo ni mazuri. Mwalimu yule alikuwa mwerevu. Alimwuliza mama, "Na wewe wataka ivunjwe au isivunjwe?" Mama akacheka, akasema hakuna aliyemwuliza hivyo bado. Kisha akasema kwamba aipenda sana nyumba ile, lakini mgongo wake hauwezi tena ndoo. Kila mwaka ambao mzee asema "tuihifadhi nyumba yetu ya zamani", ni mwaka mwingine wa yeye kukanyaga udongo.

Tulifikiri sana neno hilo. Kuvipenda vitu vya zamani ni jambo jema, wala hatupendi haraka ya vijana ya kubomoa kila kitu kilichokuwako kabla yao. Tena kujitengenezea kwa mikono yako ni heshima, na hupunguza gharama. Lakini yatupasa kuuliza, upendo huo unalipwa na nani? Mtu akipenda nyumba ya zamani, na mwingine ndiye achukuaye maji yake, huyo wa kwanza amependa kwa mgongo wa mwenzake. Wala hatuoni haki kumwambia mke avumilie kwa kuwa ndiyo desturi. Desturi iligawa kazi wakati wote wawili walipokuwa na nguvu, na nyumba ilipokuwa imejaa mabinti wa kusaidia. Mabinti wako mjini sasa.

Hukumu yetu ni kwamba mzee alifanya vema kukataa kubomoa, lakini akitaka kuihifadhi nyumba hana budi kuushika udongo kwa mikono yake mwenyewe. Fedha za watoto nazo zisikataliwe zote. Zitumike mahali zinapopunguza kazi. Neno moja tena kwa wazee wote wasomao haya: kupanda juu ya bati mtu akiwa na miaka 70 si ushujaa, mwiteni kijana.

Na ndivyo walivyofanya, kwa sehemu kubwa. Watoto walituma fedha, wakaletwa fundi na bati za kurefusha ukingo pande zote, na mifereji ya bati ya kukinga maji, hata sasa mvua haipigi tena tako la ukuta, na kukandika kunatakiwa mahali pachache tu. Maji yaliyokuwa adui huingia pipani, hunyweshea mchicha na migomba nyuma ya jiko. Lipu iliyobaki upande wa barabara iliondolewa. Mzee alikanyaga udongo wa kichuguu yeye mwenyewe, mama akiketi barazani akimwonyesha kiasi cha mchanga, na majirani waliopita walisimama kutazama, wengine wakicheka. Yeye hakujali. Halafu wakaenda ofisi ya kijiji kuuliza habari ya hatimiliki ya kimila, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja.

Limebaki neno la mti. Jua la alasiri huupiga sana ukuta wa magharibi, chumba kikawa kama tanuri, nao wote wawili wataka kivuli. Mzee ataka mwembe, karibu na dirisha. Mama asema mwembe una mizizi mikubwa, utauinua msingi, na majani yake yataziba mifereji mipya. Afadhali mwarobaini, tena hatua 10 kutoka ukutani. Sisi twamwunga mkono mama, lakini mzee amekwisha kuotesha mche wa mwembe katika kopo, nao unaendelea vizuri.